Jogoo Mmoja, Leseni Nne

Jumatano, Oktoba 22. Mankato, Minnesota

Chai imepoa mezani. Mimi na shemeji yangu tuna kompyuta mbili, kadi moja ya benki, na tunaomba ruhusa ya kumwinda ndege ambaye hata jina la Kiswahili hana. Wenyeji wanamwita fezanti. Ukubwa wake ni wa kuku wa kienyeji aliyeshiba. Dume ana shingo ya kijani inayong'aa, pete nyeupe chini yake, na mkia mrefu kama wa jogoo aliyekwenda shule. Asili yake ni China. Aliletwa Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880, akazaana, na sasa amejaa kwenye mashamba ya mahindi ya huku katikati. Shemeji anamwita jogoo wa Kichina, nasi tumebaki na jina hilo.

Mpango ulikuwa mwepesi tulipoupanga jikoni. Kesho Minnesota, keshokutwa South Dakota, Jumamosi Nebraska, Jumapili Iowa, Jumatatu nyumbani. Mzunguko mmoja, gari moja, mbwa wa kuazima kwa mzee jirani. Ndege ni yuleyule pote. Nilidhani na karatasi itakuwa ileile.

Kwetu Tanzania mnyamapori ni wa taifa. Sheria ni moja, ya 2009, na ukivuka kutoka Tabora kwenda Katavi ni ileile. Kwao shemeji, Kenya, ni rahisi zaidi: uwindaji ulipigwa marufuku 1977, basi. Kijana wa Murang'a akisikia "leseni ya kuwinda" ni kama ameambiwa leseni ya kuiba. Hapa Marekani mnyama ni mali ya jimbo. Kila jimbo lina idara yake, msimu wake, stempu zake, yaani ada za ziada juu ya leseni, na saa zake, na hakuna anayelazimika kufanana na mwenzake.

Tukaanza na kwetu. Minnesota wanakuhesabu mkazi ukiishi siku 60 mfululizo, kwa hiyo mimi nimepita. Shemeji ni mwanafunzi wa chuo, na jimbo linaruhusu mwanafunzi wa kutwa kununua leseni kwa bei ya mkazi hata kama si mkazi. Leseni ya wanyama wadogo, stempu ya fezanti dola 7.50, na dola 3 nyingine za kuingia mashamba ya watu binafsi ambayo jimbo limeyakodi ili wawindaji wapite. Mpaka hapo ilikuwa raha.

Halafu yakaja ya shemeji mwenyewe, na hili niliandike taratibu kwa sababu vijana wetu wengi hawalijui. Yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki, hata risasi moja mfukoni. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango wa uani: ukiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo, marufuku hiyo haikugusi. Mwenye kadi ya kijani hana shida hii. Kwa hiyo leseni ambayo kwangu ni ruhusa ya kumpiga jogoo, kwake ndiyo inayomtofautisha na mtu mwenye kesi ya shirikisho. Ameitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nakala ya pasi.

"Shemeji," akaniambia, "hii karatasi nitalala nayo."

Ilipofika zamu ya leseni ya South Dakota akataka kunionyesha kwamba na yeye anajua mtandao. Akaandika maneno kwenye kisakuzi, akabonyeza la kwanza lililotokea, akajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, akalipa dola 38. Barua pepe ikaingia haraka. Ndani yake hakukuwa na leseni. Kulikuwa na kijitabu cha kurasa kumi na nne kiitwacho, kwa tafsiri yangu, "mwongozo wa namna ya kuomba leseni." Amenunua maelekezo ya kwenda dukani. Nikataka kumwambia aangalie anwani inayoishia na .gov, nikajikuta najikwaa mwenyewe, maana duka halali la leseni la South Dakota linaishia na .com, na la Iowa vilevile. Njia niliyoiona salama ni kuanzia kwenye ukurasa wa idara ya wanyamapori ya jimbo lenyewe na kufuata kiungo chao. Dola 38 zimekwenda. Mke wangu, dada yake, alicheka mpaka akakaa chini.

Duka halali nalo likauliza namba ya hifadhi ya jamii. Shemeji akagoma, ametoka kuumwa na nyoka, sasa anaogopa ung'ongo. "Ya nini? Mimi sitafuti kazi kwa ndege." Sababu ipo, na si ya ndege. Kwa sheria ya ustawi ya 1996 na marekebisho yake, majimbo yanatakiwa kuchukua namba hiyo kwenye leseni za aina hii ili kuwanasa wazazi wanaokwepa kulipa matunzo ya watoto. Baba anayedaiwa anaweza kujikuta hana ruhusa ya kuvua samaki. Nilimwambia hilo akanyamaza kidogo, akasema kuna wajomba zake wawili angependa wahamie huku.

Bei za mgeni sitazisema zote, zinaniuma. Jimbo la Montana lilifikishwa mpaka Mahakama ya Juu ya nchi kwa jambo hili: lilikuwa linamtoza mgeni dola 225 kwa leseni ambayo mkazi aliipata kwa 30, na mwaka 1978 mahakama ikasema ni sawa, kuwinda kwa kujifurahisha si haki ya msingi ya raia kama kufanya kazi. Sisi tuliozoea geti la Serengeti, mwananchi anapita kwa shilingi na mgeni kwa dola, hatuwezi kujifanya tunashangaa. Tofauti ni kwamba safari hii mgeni ni mimi, na nimetoka umbali wa saa chache tu kwa gari.

South Dakota hawakuuzii mwaka. Wanakuuzia vipindi viwili vya siku tano tano, na juu yake stempu ya makazi ya wanyama, dola 25 kwa mgeni. Mimi nahitaji siku moja. Nebraska wana kibali cha siku mbili, nacho kinataka stempu yake. Iowa wana cha siku tano. Tulimaliza saa saba usiku. Mfuko wa plastiki sasa una karatasi kumi na moja.

Alhamisi, Oktoba 23. Karibu na Windom, Minnesota

Mzee jirani ametuazima Ruby, Labrado mweusi mwenye ndevu nyeupe, na vijitabu vinne vya kanuni, kila jimbo na chake. Amewinda miaka hamsini na bado anavibeba. Alituaga kwa kutukagua kama watoto wa shule: kofia ya rangi ya chungwa? Leseni? Risasi za chuma?

Hapa lugha yetu ilinichezea. Katika maeneo ya serikali kuu yaliyohifadhiwa kwa ajili ya mazalia ya bata, huruhusiwi kutumia marisau ya risasi, ile madini, kwa sababu bata wanayameza wakidhani ni changarawe na yanawaua kwa sumu. Jaribu kumweleza mtu hilo kwa Kiswahili. "Shemeji, hapa risasi zisiwe za risasi." Akanitazama kama nimeugua jua. Mistari inayotenganisha ardhi ya jimbo na ya serikali kuu haionekani ukiwa ndani ya nyasi zilizokufikia kifuani, na kanuni za majimbo manne kuhusu wapi chuma na wapi si lazima zilinitoa jasho, kwa hiyo niliamua kununua chuma tupu kwa safari nzima.

Minnesota wanaanza saa tatu asubuhi. Tukaingia saa tatu na dakika mbili. Mpaka jua linatua tulikuwa tumetembea kama kilomita kumi na nne, tumemwona paa mmoja, majike sita wa fezanti, ambao hawapigwi jimbo lolote kati ya haya manne, na jogoo mmoja aliyerukia nyuma yetu akicheka. Wanacheka kweli, hawa. Sauti yake ni ya bawaba ya mlango isiyo na mafuta.

Kikomo cha Minnesota mwezi huu ni madume wawili kwa mtu. Kuanzia Desemba 1 wanakuwa watatu. Kwetu halikuwa na maana yoyote.

Jioni tukashika barabara ya 90 kwenda magharibi. Mpakani pa South Dakota kuna bango la kukaribisha lenye picha. Hakuna neno lolote la kukwambia kwamba tangu mita hamsini zilizopita leseni yako imegeuka karatasi ya kufungia karanga.

Ijumaa, Oktoba 24. Mitchell, South Dakota

Nilimwandikia shemeji ujumbe jana usiku: "Tunaanza saa nne." Saa kumi alfajiri mlango wa chumba changu ukagongwa. Amesimama nje na buti, kizibao na kofia, pumzi inafuka. Simu yake ilikuwa imemwamsha 4:00 kamili. Miaka mitatu ya kusoma kwa Kiingereza imemla saa za kwao. Nikamwambia saa nne ni 10:00, akasema basi ungeandika kumi, nikamwambia kumi ni sasa hivi uliponiamsha.

Saa nne asubuhi ndiyo kanuni ya South Dakota, kwa saa za upande wa mashariki wa jimbo. Jimbo hili lina saa mbili tofauti, na wa magharibi wanaanza saa zao zikisoma tatu. Zamani ilikuwa adhuhuri kwa sehemu ya msimu. Wamesogeza tangu 2020. Jua lilitoka karibu na saa mbili. Kwa hiyo tulikaa saa mbili nzima ukingoni mwa shamba la mahindi yaliyovunwa, bunduki zimefunguliwa, chai kwenye chupa, tukiwasikiliza majogoo wakiwika pande zote. Waliwika kushoto, wakajibiwa kulia. Mmoja alitoka kwenye mabua, akatembea katikati ya njia ya trekta kama diwani, akasimama hatua thelathini kutoka tulipo, akajinyoosha shingo. Ruby alitetemeka mwili mzima. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Shemeji akanong'ona, "Anajua."

Huyu ndege hapa ni mtu mkubwa. Ndiye ndege rasmi wa jimbo tangu 1943. Msimu wa kwanza kabisa ulifunguliwa 1919, siku moja tu, kaunti moja tu, Spink, kaskazini ya hapa.

Saa nne ilipogonga milio ilianza kila upande kama sikukuu. Saa tano kasoro tukapata wa kwanza. Ruby alizama kwenye matete, matete yakatikisika, akatoka jogoo wima kama jiwe la manati, mkia unamfuata. Nilisema Bismillahi nikafyatua. Alianguka akiwa hai, Ruby akamleta bila kumwumiza, nami kisu nilikuwa nacho. Nilimchinja nimeelekea kibla kwa kukisia kutoka kwenye jua. Shemeji, ambaye ni mtu wa kanisa la PCEA tangu ubatizo, alishika miguu bila kuambiwa. Alikuwa wa moto kama mkate. Nyuma ya mguu ana mwiba mfupi mweusi, na mwiba ule usiukate, nitaeleza kwa nini.

Wengine wawili walifuata kabla ya saa saba. Halafu tukakosea kidogo, au tuseme tulikaribia. Tulifika kwenye kidimbwi na bata kama ishirini wakainuka, wanono, karibu kiasi cha kuhesabu manyoya. Shemeji alikwisha inua mtutu. Niliushika, nikaushusha. "Hao si wetu." Bata ni ndege wahamaji, na wahamaji wako chini ya serikali kuu tangu sheria ya 1918. Unatakiwa stempu ya shirikisho ya dola 25, uandikishwe kwenye takwimu za wawindaji wa ndege wahamaji katika jimbo hilo, na hapa South Dakota leseni ya bata kwa mgeni inapatikana kwa bahati nasibu. Hatukuomba hata. Jogoo na bata walikuwa wanakunywa maji ya kidimbwi kimoja.

Alasiri tukaona jambo lililomtoa shemeji macho. Gari aina ya pikapu likasimama kandokando ya barabara ya vumbi, mzee akashuka taratibu, akatia risasi, akapiga jogoo kwenye mtaro wa barabara ya umma, akamwokota, akaondoka. Shemeji alidhani ameshuhudia uhalifu. Kumbe hapa hifadhi ya barabara inawindwa kihalali, mradi uwe futi 660 mbali na nyumba, kanisa, shule au mifugo. Kesho, ng'ambo ya mto, kitendo kilekile ni kosa.

Usiku tulilala Yankton, kando ya mto Missouri. Kufungua mkoba, kadi ya shemeji ya mafunzo ya usalama wa bunduki haimo. Iko Mankato, kwenye suruali ambayo sasa iko kwenye mashine ya kufulia ya mke wangu. Hapa inabidi nirudi nyuma. Kozi ile tuliifanya wote Minnesota, ambako anayelazimika ni aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979. South Dakota wanambana aliye chini ya miaka 16. Iowa ni kwa waliozaliwa baada ya Januari 1, 1972. Nebraska ni wa miaka 12 hadi 29, na lazima uthibitisho uwe nao shambani. Yaani mimi mwenye miaka 41 kesho sihitaji, keshokutwa nahitaji. Yeye mwenye 24 kesho bila kadi ni kosa. Cheti cha jimbo moja kinatambuliwa na mengine, hilo angalau wamekubaliana.

Dada wa mapokezi alitusaidia. Shemeji aliingia kwenye akaunti yake, akapata nakala, dada akaichapa kwenye mashine yenye wino unaokwisha. Jina lake limetoka kijivu. "Inasomeka," dada akasema, akiisogeza kwenye taa.

Jumamosi, Oktoba 25. Nebraska, kusini ya Yankton

Leo ndiyo ufunguzi wa Nebraska, na wa Iowa pia. Daraja la kuvuka ni refu na jipya. La zamani, la 1924, liko pembeni, siku hizi wanapita watembea kwa miguu. Tulivuka gizani. Nebraska huruhusiwa kuanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Jana tulisubiri saa mbili baada ya jua. Leo tunakimbizana nalo.

Kabla ya kuvuka nilipanga boksi la barafu upya. Ndege watatu wa South Dakota, kila mmoja na kipande cha karatasi: jina, namba ya leseni, tarehe, jimbo. Nimewanyonyoa na kuwasafisha, lakini kila mmoja amebaki na mguu mmoja wenye mwiba wake. Kanuni inataka kiungo cha kuthibitisha kwamba ni dume, iwe kichwa, bawa lenye manyoya au mguu, na nilivyosoma vijitabu vyote vinne, mguu ndio uliokubalika kila mahali. Nilitumia dakika arobaini kufikia uamuzi wa mguu. Kuvusha mpaka wa jimbo nyama iliyopatikana kinyume cha sheria ni kosa la shirikisho tangu sheria ya Lacey ya 1900. Na majimbo karibu yote yamefungana kwa mkataba: ukinyang'anywa leseni jimbo moja, na mengine yanakufungia. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, mguu wa ndege si mchezo.

Bwana nyama alitukuta saa tatu. Tulikuwa kwenye shamba lenye vibao vya mpango wa jimbo wa kufungulia wawindaji ardhi za watu. Alikuwa ameshawaona wengine watatu mbele yetu. Tuliona gari lake likija polepole kwenye kilima, vumbi limelala nyuma yake. Shemeji akaweka bunduki chini, akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono mahali inapoonekana. Hajafundishwa na kozi. Amejifunza kwa kuwa mweusi na mgeni katika nchi hii. Mimi pia nilihisi mate yanakauka.

Alikuwa mtu wa makamo, mashavu mekundu kwa upepo. Alianza na Ruby. Alimkuna masikio kabla ya kutuamkia. Kisha akaomba karatasi. Alisoma kibali changu, akasoma stempu, akasoma cha shemeji, akaomba cheti cha mafunzo. Shemeji akatoa ile karatasi ya kijivu. Bwana nyama akaiinua juu, akaitazama kwa mwanga wa jua kama mtu anayekagua noti. Nikasikia kabisa upepo kwenye mabua. Akauliza chapisho hili limetoka wapi, shemeji akasema hotelini Yankton, usiku, printa ilikuwa inakufa. Akacheka. Akanigeukia: na wewe? Nikamwambia nina 41. "Umevuka," akasema.

Kisha boksi la barafu. Aliinua ndege mmoja mmoja kwa mguu uleule, akasoma vikaratasi vyangu. Aliuliza kwa nini nimeandika namba ya leseni, hakuna aliyemwandikia hivyo siku nyingi. Nikasema kwa sababu naogopa. Akasema, vizuri, endelea kuogopa, akatuonyesha bonde lenye vichaka upande wa magharibi ambako asubuhi alisikia wakiwika.

Kwenye bonde tulipata mmoja. Wa shemeji, wa kwanza wa maisha yake. Alimtazama mkononi muda mrefu bila kusema. Baadaye akasema kwao babu yake alifungwa miezi sita kwa ajili ya swala, na hakuna mtu nyumbani anayelitaja. Sikujua hilo, na nimemwoa dada yake miaka tisa.

Mchana tuliona jogoo wawili kwenye mtaro wa barabara, palepale, wamesimama kama wanasubiri daladala. Nebraska barabara ya umma haiwindwi. Tulipunguza mwendo, tukawapita.

Jumapili, Oktoba 26. Karibu na Spencer, Iowa

Iowa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na nusu jioni. Si machweo, ni saa kumi na nusu kwa saa ya ukutani, jua liwe wapi liwe wapi. Nguo ya juu angalau moja iwe ya rangi ya chungwa, na nusu yake au zaidi iwe chungwa tupu. Umbali kutoka majengo ni yadi 200. Minnesota walisema futi 500, South Dakota futi 660. Nimeacha kubadilisha vipimo, nakaa mbali na kila kitu chenye paa.

Asubuhi mvua nyembamba, baridi ya kuingia mfupani. Tulipata mmoja mapema, mwingine saa sita. Kikomo ni watatu kwa mtu, kama Nebraska na South Dakota, na kwa mara ya kwanza niliona tunaweza hata kukisogelea.

Saa tisa mvua ikakatika na jua likatoka upande. Ardhi yote ikawa rangi ya shaba. Ruby, ambaye asubuhi alikuwa anachechemea, akafufuka. Tukaanza ukanda mrefu wa nyasi kati ya mashamba mawili ya soya, upepo usoni, na mbwa akawa anakwenda zigizaga akishusha pua chini zaidi na zaidi. Yeyote aliyewahi kutembea na mbwa wa namna hii anajua maana yake. Ndege yuko mbele, anakimbia kwa miguu, na nyasi zinakwisha.

Nikatazama saa. Kumi na dakika ishirini na saba. Tukaongeza mwendo, karibu tukimbie, wanaume wawili na mbwa mzee. Dakika ishirini na tisa. Ruby akaganda, akarukia. Hakutoka kitu, alikuwa ametangulia tena.

"Shemeji, bado?"

"Toa risasi."

Tukazitoa, tukazitia mfukoni. Dakika ya thelathini na nne, mwisho kabisa wa nyasi, jogoo akaruka. Alikuwa mkubwa kuliko wote tuliowaona siku nne hizi, jua likampiga ubavuni, akapita juu ya vichwa vyetu akiwika kama bawaba. Kulikuwa na karibu saa mbili za mwanga zimebaki. Ruby alimfuata kwa macho, kisha akageuka akatutazama sisi, na sijawahi kudharauliwa hivyo na kiumbe wa miguu minne.

Jumatatu, Oktoba 27. Mankato

Nyumbani kabla ya adhuhuri. Nimemrudisha Ruby na vijitabu. Mzee jirani aliuliza wangapi. Nikamwambia sita, akahesabu karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akasema karibu mbili kwa kila ndege, si mbaya.

Mke wangu amewapika wawili kwa nazi na ndimu. Nyama ni ngumu kuliko kuku, tamu zaidi, na mara moja moja unauma risau la chuma. Waliobaki wako kwenye friza, kila mfuko na jimbo lake na tarehe yake. Mwanangu wa miaka saba alisoma mojawapo, akauliza kama huyu wa Nebraska anajua kwamba ni wa Nebraska.

Jioni shemeji amenitumia ujumbe kutoka bwenini. Ameisoma kalenda: fezanti wa Nebraska wanawindwa mpaka Januari 31, na likizo yake ya Krismasi inaanzia katikati ya Desemba. Nimefungua kompyuta kuangalia. Kibali chetu cha siku mbili kimekwisha. Cha mwaka kinafuata kalenda, kinakufa Desemba 31 pamoja na stempu yake, msimu ukiwa bado una mwezi mzima. Nimemwuliza anataka kwenda kabla ya mwaka mpya au baada. Amejibu: "Saa ngapi wanaanza, na uandike kwa Kiingereza."